Ngoma Iliyo Mikononi Mwangu

Kwako dada yangu Verica,

Kabla hata sijakusalimu naomba nilitoe hili, kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe. Mshumaa ule niliuwasha makusudi. Sikuchanganyikiwa, sikushikwa na woga, wala hakuna aliyenipa kiberiti kwa mzaha kama wanavyosimulia hapa kijijini. Nilikinunua mwenyewe, nikakificha kwenye soksi, na tangu tulipopanda basi nilijua nitakachofanya. Hakuna mwingine niliyemwambia.

Baada ya hayo, salamu nyingi sana dada. U hali gani, na ule mkono ulioungua kwa pasi umepona? Mama je, anakula siku hizi, au bado anasema ameshiba kazini? Sisi huku ni wazima. Bibi Floarka anakusalimu na anasema magoti yake ni ya mwanamke mwingine, si yake, aazime mengine kwa nani. Kuku wanataga. Miti ya plamu upande wa mto imezaa mpaka matawi yameinama, na ua la nyuma bado halijatengenezwa.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati juzi tu tulionana kwenye simu. Nikikupigia, Mama yuko kando yako akiangalia kama nimekonda, na nyuma yangu yuko Bibi akitaka aonyeshwe Vienna. Ndiyo maana nimeituma barua hii kwenye anwani ya dobi unakofanya kazi, mahali ambapo Mama hafiki. Nisamehe kama imekustua.

Nataka nikuandikie kuanzia Pasaka ya mwaka jana, kwa kuwa wewe hukupata ruhusa ya kuja na najua Mama hakukueleza. Bibi alikuwa ametayarisha kila kitu cha ngoma ya marehemu kaka yetu Nenad: taulo lenye maua mekundu, mrehani, kioo kidogo, mshumaa wa nta safi. Wapiga tarumbeta walikuwa wamesimama uwanjani mbele ya Nyumba ya Utamaduni, na watu wametupisha katikati, jinsi tulivyozoea kumpisha mtu mwenye msiba. Kilichobakia ilikuwa picha tu, na picha alikuwa nayo Mama. Bibi akanituma nikamwite.

Nilimkuta amejifungia chumbani. Alisema kupitia mlangoni kwamba yeye hachezewi mtoto wake na mtu. Nikamwambia Bibi anangoja, na wapigaji wanangoja. Akasema siku watakayomchezea ndiyo siku atakuwa amekufa kweli, na yeye hajaitoa hiyo siku. Bibi akaja mwenyewe, akapiga mlango kwa fimbo, akamwuliza kama anafikiri mtoto yuko raha huko aliko, amesimama ukingoni mwa ngoma ya wenzake, anasikia mziki na hana wa kumshika mkono kwa kuwa kwao hawajamtolea ngoma. Tulisikia zipu ya sanduku la Mama. Kesho yake alfajiri akapanda basi la Vienna, na picha akaenda nayo.

Ndiyo hivyo dada. Tangu Nenad aanguke kwenye kile kiunzi cha ujenzi huko kwenu, sisi wa nyumba hii hatuna ngoma, na yeye pia hana.

Sasa nikueleze ya shule. Unakumbuka kikundi chetu cha ngoma na maigizo, kile alichokuwamo Nenad kabla ya kuja huko? Mwalimu Ljubinka ndiye bado anakiongoza, na bado anavaa viatu vya kiume. Nilijiunga nacho mwaka ule uliotangulia msiba. Msiba ulipokuja, nikamwambia kwamba kwetu aliyevaa nyeusi ya msiba hachezi. Yeye si wa huku, anatoka Novi Sad, lakini hakubishana. Akasema basi nibaki, kwa sababu kuna kazi nyingi jukwaani ambazo si kucheza. Nikawa mtu wa nyuma ya pazia. Nilipiga pasi sketi za wenzangu, nilifunga mikanda yao, na mtu akisahau maneno nilimnong'onezea. Ivona alizoea kuniita Bibi Kizee kwa zile nguo nyeusi, eti nikija karibu inabidi ainame anibusu mkono. Sikuchukia. Kwa kweli nilipapenda nyuma ya pazia. Hakuna anayekutazama, nawe unaona kila kitu.

Mwaka huu ulipoanza, Mwalimu Ljubinka aliniuliza kama kweli hakuna ngoma hata moja ambayo mtu mwenye msiba anaruhusiwa kucheza. Nikamjibu bila kufikiri kwamba iko moja, ile anayotolewa marehemu. Aliacha kufunga koti lake. Akaketi kwenye ngazi za jukwaa na kuniambia nimsimulie, nami nikamsimulia: anayetangulia anashika picha ya marehemu, na mshumaa unaowaka, na taulo, wengine wanamfuata wameshikana mikanda, kabla ya mziki mtu anapaza sauti na kusema ngoma hii ni ya fulani, iwe mbele yake huko aliko, na walioshikana wote wanajibu bogdaproste, Mungu amsamehe, na hilo neno ndilo linaloipokea. Nikamwambia kuanzia hapo marehemu ana ngoma yake, na walio hai wanaweza kucheza tena. Nadhani sikuwahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya mwalimu.

Jumamosi akaja nyumbani. Bibi alimwekea mkate wa mahindi na jibini, na kikombe cha pombe ya plamu ambacho alikinywa chote, na hilo likamfurahisha Bibi kuliko jambo jingine lolote. Mwalimu akamweleza kwamba angependa kutengeneza mchezo wa shule kutokana na ngoma hiyo, kwa ajili ya mashindano, na kwamba angependa mimi ndiye nitangulie. Bibi akamwambia, mwanangu, ngoma hii si sketi ya kuazimana. Lakini kama ni mchezo, basi uwe mchezo kweli, na mchezo tutaujua kwa mambo haya: uso wa kwenye picha usiwe wa mtu, jina lisiwe la mtu, mshumaa usiwake, na lile neno la kujibu asilitamke yeyote. Mkifanya hivyo, akasema, mtakuwa mmeigiza tu. Mkiyavunja, mtakuwa mmepeleka kitu, na kitu kikishapelekwa hakirudishwi.

Mwalimu akakubali. Alichora uso kwa mkaa kwenye kadibodi, uso usiofanana na yeyote, akautia kwenye fremu. Jina akatunga: Janko. Na pale ambapo wachezaji wangejibu, akaweka kimya. Alisema kimya hicho kitakuwa ndicho kitu bora kuliko vyote katika mchezo wetu, mtu wa kwenye kiti ataona mwenyewe kwamba tunangoja jambo, naye atangoja nasi.

Dada, mazoezi yale ndiyo yaliyokuwa furaha yangu ya mwaka huu, ingawa naona aibu kuandika neno furaha. Mwalimu hakunipa fremu mwanzoni. Alinipa bakuli la supu lililojaa maji mpaka ukingoni, akanitaka nizunguke jukwaa zima bila kumwaga. Nikamwaga. Radiša, ambaye ndiye alikuwa mpaza sauti wetu, akauliza kama marehemu alikufa kwa kuzama. Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Siku nyingine Mwalimu akaniona nakunja uso, akanisimamisha. Akasema nisiigize huzuni, huzuni si kazi yangu, kazi yangu ni kubeba. Watu watazame ninachobeba, wasinitazame mimi. Tangu hapo sikuona tena haya. Nilikuwa nabeba tu.

Hatua za miguu nilikuwa nazo tayari. Hukuwahi kujua hili pia: Nenad ndiye aliyenifundisha, kiangazi kile kabla hajaondoka, kwenye jiko la nje, redio ikiwa juu ya pipa la achari. Aliniambia nishike mkanda wake na nisitazame uso wa mtu, nitazame kiatu cha kushoto cha jirani yangu, kiatu hakikuchekelei. Yeye mwenyewe alipenda kucheza mkiani, unamkumbuka, kwa sababu wa mwisho kwenye duara anaruhusiwa upuuzi. Alikuwa akipunga leso kwa ule mkono ulio huru hadi mabibi wanafuta machozi ya kucheka.

Na picha. Ninayo moja ambayo Mama haijui. Alipigwa picha hiyo kwenye mchezo wa shule, akiwa mshenga mlevi, amevaa kofia ya manyoya ya babu na masharubu ya sufu yamemwanguka upande mmoja. Anacheka na mtu aliye nje ya picha. Nilikuwa nimeihifadhi ndani ya kitabu cha kemia.

Sikupanga tangu mwanzo, hilo naomba uliamini. Lakini kila tulipofika kwenye kile kimya, Radiša akishasema ngoma hii ni ya Janko, nilihisi kama mtu anayepita na chakula mbele ya mlango wa mwenye njaa akimpelekea mtu asiyekuwepo. Janko hayupo. Hajawahi kuwa na miguu. Na sisi wote tumevaa, tumejipanga, mziki upo, taulo ni lile lile la Bibi la Pasaka. Nikawa najiuliza nani atamtolea Nenad kama Mama hataki, na lini. Mimi namaliza shule, kikundi kinaisha, na peke yangu siwezi kuita wapiga tarumbeta uwanjani. Mimi hata mkate dukani naagiza kwa kunyoosha kidole.

Siku ya kuondoka kwenda mjini kwenye mashindano, nilitoa ile picha kwenye kemia nikaiweka ndani ya fremu, nyuma ya kadibodi, uso wake ukiangalia mbele. Ukumbini walitupokea vizuri. Mtu wa zimamoto alipita kwa kila shule akisema moto ni marufuku jukwaani, na akatugawia mishumaa ya betri yenye kitaa cha njano. Ivona akaubusu wake na kusema hata marehemu wamepata maendeleo. Mimi nikautia wangu mfukoni. Mkononi nilishika wa nta.

Pazia likafunguliwa. Nikatembea nikibeba, kama nilivyofundishwa. Nilipofika mbele kabisa, Radiša akapaza sauti kwamba ngoma hii ni ya Janko, iwe mbele yake huko aliko. Kikaja kimya. Nikainama kana kwamba napanga taulo, nikatoa kiberiti, nikawasha. Nilisikia Ivona akivuta pumzi. Kisha nikasimama na kusema, kwa sauti yangu, si ya kunong'oneza: hii ni ya Nenad. Ni ya Nenad, mwana wa Rodika, iwe mbele yake huko aliko.

Nikangoja.

Dada, ukumbi ulikuwa umejaa. Nilikuwa naamini kabisa kwamba mtu atajibu. Watu wa huku hawakosekani mjini, wamo madukani, wamo hospitalini, hakuna asiyekuwa na shangazi kutoka upande wetu. Na wenzangu walikuwa nyuma yangu, karibu wote wamezaliwa na neno hilo mdomoni. Nilimtazama Radiša kwa pembe ya jicho. Alifungua mdomo. Najua alifungua. Halafu akaufunga, kwa sababu tulikuwa tumemwahidi Bibi, na yeye ni mtu wa kushika ahadi. Nta ikanidondokea kwenye kidole gumba. Bado nikangoja, mpaka watu wakafikiri ule ndio mwisho wa sehemu hiyo, wakapiga makofi.

Makofi, dada. Walipiga kwa nguvu, wengine wakasimama. Kodiani ikaanza na tukacheza, na nilicheza vizuri, nadhani sijawahi kucheza vile wala sitacheza tena. Mkiani niliacha nafasi. Ivona ndiye aliyekuwa wa mwisho, nilikuwa nimemwomba asogee hatua moja ndani bila kumwambia sababu. Lakini wakati wote nilikuwa najua kwamba makofi si jibu.

Mengine umeyasikia. Mtu wa zimamoto alikuja nyuma ya jukwaa amekuwa mwekundu mpaka masikioni. Majaji wakatuondoa kwenye orodha, ingawa mmoja wao alikuwa amelia, na nafasi ya kwenda fainali Belgrade, tuliyokuwa na hakika nayo, ikaenda shule nyingine. Mwalimu Ljubinka aliwaambia kosa ni lake, kwamba yeye ndiye hakukagua. Mimi nilisimama pale pale na sikusema kitu. Kwenye basi hakuna aliyekaa nami. Mtu mmoja nyuma akasema wanipigie zimamoto, Bibi Kizee anaungua, na hakuna aliyecheka, na hilo liliniuma zaidi kuliko kama wangecheka. Mwalimu akaja akaketi kando yangu. Alinishika mkono akaanza kuibandua ile nta kwa ukucha, kidogo kidogo, kama vile anamenya yai. Aliniuliza kama huwa nasahau jina la Janko. Nikamwambia nilichanganyikiwa. Akasema inatokea, hata kwa waigizaji wakubwa. Hakuuliza tena, na alipofika kwake alinipa fremu niibebe nyumbani, akasema hana pa kuiweka.

Shule ikaisha. Nilipata cheti, Bibi akakiweka nyuma ya sanamu ya mtakatifu wetu, na kila mgeni akija kinatolewa aonyeshwe. Ivona ananisalimia sasa kwa kichwa. Radiša alinikuta kwenye daraja la mto Pek akaniambia, bila mimi kumwuliza, kwamba angetaka kusema lile neno. Nikamwambia lipi. Akasema basi, hamna kitu.

Wiki iliyopita tulikuwa tunachambua maharage uani na Bibi, nikamwuliza kwa mbali. Nikasema hivi Bibi, ikitokea mtu amempelekea marehemu kitu, na mshumaa umewaka, na jina limetajwa, lakini hakuna aliyejibu, kile kitu huenda wapi? Hakuinua macho kutoka kwenye maharage. Alisema hakiendi. Kinabaki mikononi mwa aliyekitoa, naye anakuwa kama mtu aliyebeba sinia kwenye nyumba ambayo watu wamelala, hawezi kuliweka chini wala kula. Nikauliza atalibeba mpaka lini. Akasema mpaka atokee wa kulipokea. Kisha akaongeza kwamba si lazima wawe wengi, hata mmoja anatosha, ila awe anamjua marehemu kwa jina. Ndipo akanitazama, akaniambia nimechanganya maharage mabovu na mazima.

Kwamba mshumaa uliwaka amesikia, ila sijui kama anajua nilimtaja nani. Siwezi kumwomba yeye, kwa sababu Bibi hamfichi Mama kitu, na ungemwona Mama nyuma ya ule mlango nawe usingetaka ajue. Aliniambia hajaitoa hiyo siku. Ni yake. Mimi nimechukua kitu ambacho ni cha mama mzazi, nikakitoa mbele ya watu waliokuwa wamekata tiketi, na hata hakikufika. Naogopa akisikia kwamba kimetolewa bila yeye hatabaki na kitu cha kushika. Mwache avae nyeusi yake hadi atakapochoka mwenyewe. Nitaivaa pamoja naye, sitacheza, wala sidai ruhusa yoyote. Lakini Nenad asisimame ukingoni kwa sababu yetu. Yeye hakujua kusimama ukingoni.

Kwa hiyo dada Verica, ninaandika haya nikiwa kwenye jiko la nje, mchana, Bibi amekwenda kanisani. Fremu iko mezani mbele yangu. Ile kadibodi nimeitoa, anaonekana na masharubu yake. Kipande cha mshumaa ule ule kinawaka. Radiša hayupo wa kupaza sauti, kwa hiyo napaza mimi: ngoma hii ni ya Nenad, mwana wa Rodika, iwe mbele yake huko aliko, naye awe mkiani kama anavyopenda.

Ukifika hapa, weka pasi pembeni usiunguze shuka ya watu. Usimwite mtu. Sema lile neno moja, hata kwa sauti ndogo, wenzako wa kazini watafikiri unaomba kwa lugha ya kwenu. Hapo nitakuwa nimeliweka sinia chini. Huna haja ya kuniandikia kwamba umesema. Nitaamini umesema.

Mpe Mama salamu zangu zote, mwambie nimenenepa. Mwambie nguo zake za baridi nimezianika jua, na kaburi tumelipalilia na kulimwagia divai siku yake. Hayo tu ndiyo ya kumwambia. Hili jingine libaki kati yako na mimi na yeye aliye kwenye fremu, na barua hii, dada, usirudi nayo nyumbani.

Mdogo wako,
Stamena